Piano ya Bei Yoyote

Jumanne asubuhi picha ilifika kwenye simu ya Emmanuella, katika kundi la WhatsApp la wanakwaya, kati ya tangazo la misa ya arobaini na malalamiko ya mtu aliyepoteza mbuzi. Piano ya umeme, imetumika kidogo, vibonye themanini na nane, iko Nguba, bei ya kuelewana. Aliitazama mara mbili. Kisha akasogeza magunia mawili ya makaa, akainua pazia, akaingia chumba cha nyuma kumwonyesha mzee.

Papa Cyprien aliivuta simu hadi karibu na pua. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, na tangu Pentekoste hakuwa ameona jua ila lile linalopenya kwenye tundu la bati.

“Iko yangu,” akasema. “Ona hapa kwa pembe. Mushumaa njo iliunguza, ile mwaka courant ya umeme ilikuwa inakatika kila mangaribi.”

Habari yenyewe ilikuwa fupi na mbaya. Tangu mji wa Bukavu ubadilishe watawala mwezi wa pili, watu wenye silaha na wasio na sare walikuwa wakiingia nyumba za watu watakavyo. Mara moja waliingia kwa jirani yake Papa Cyprien, wakamwua Évariste, fundi viatu, mlangoni pake mwenyewe. Mzee aliona yote kwa dirisha. Mmoja wao mzee alimjua kwa sura na kwa jina, na siku ya kilio, mbele ya paroko na ukoo mzima, alilitaja jina hilo. Mtu aliyepiga kinanda cha kanisa miaka arobaini hajui kunong'ona. Siku tatu baadaye walimfuata kwake, hawakumkuta, wakabeba godoro, redio, friji na piano.

Mjini ikasemwa kwamba amekimbilia Bujumbura. Wengine wakasema amekwisha kufa, wakamwombea. Ukweli waliujua watu watatu tu: yeye mwenyewe, Emmanuella aliyekuwa mwanafunzi wake tangu ana miaka saba, na Maman Colette, mama yake Emmanuella, mwenye nyumba ya mbao alimofichwa, huko juu mtaa wa Cimpunda. Siku jina la mzee litakaposikika nje ya mbao hizo, mzee amekwisha. Hilo hakuna aliyehitaji kuambiwa.

“Usiende,” alisema Maman Colette, huku akichambua maharage. “Beyi ya kuelewana? Nguba? Tangu lini tajiri wa Nguba anaelewana na mutu wa Cimpunda?”

“Maman, mwizi hajue kitu anauzisha,” alijibu Papa Cyprien nyuma ya pazia. “Mwezi wa pili friji zilikuwa zinauzwa kwa beyi ya kuku.”

Na hapo alisema kweli, maana kila mtu Bukavu alimjua mtu aliyenunua friji namna hiyo na sasa anaifunika kwa kitambaa wageni wakija.

Emmanuella alikuwa na sababu ya kuwaambia watu. Alikuwa akifundisha watoto sita muziki pale sebuleni, na kinanda chake kidogo kilikufa mwezi wa tatu, kikafa kabisa, hata fundi alikirudisha akiomba radhi. Lakini sababu ya moyoni ilikuwa nyingine. Mzee alikuwa akinyauka. Sahani ilirudi imejaa. Mchana kutwa aliketi ukingoni mwa kitanda, akipiga vidole kwenye ubao wa sanduku, misa nzima, kuanzia mwingilio hadi kutoka, na machozi yakimtiririka bila yeye kujua. Piano ya umeme ina tundu la kuchomeka visikizio. Ukivaa visikizio, hata jirani aliyeegemea ukuta hasikii kitu. Chombo pekee duniani ambacho mtu aliyejificha angeweza kukipiga kilikuwa hicho, na kilikuwa chake. Emmanuella alimpenda yule mzee kuliko alivyompenda baba yake aliyemzaa, na hakuona haya kulisema.

“Basi nitaenda kuangalia tu,” akasema.

“Kuangalia njo kununua,” mama yake akasema, akaendelea na maharage.

Usiku ule mzee alimfundisha jinsi ya kuwa mjinga. Fa ya katikati haitoi sauti. Anayeijua piano ile huiruka bila kufikiri, hupita juu yake na kuazima noti nyingine. Kwa hiyo aigonge, tena aigonge kwa nguvu, alalamike. Apige vibaya, kama mtu aliyejifunza kwa Waprotestanti. Wakacheka wote wawili, mikono midomoni. Wakakumbushana pia lile walilopatana tangu mwanzo: mzee akisikia watu wengi wanapanda njia, atoke kwa dirisha la nyuma, ashuke korongoni katika migomba, asingoje kuitwa.

Alhamisi saa nne Emmanuella alikuwa Nguba, mbele ya nyumba kubwa yenye lango la buluu. Aliyemfungulia alijitambulisha kuwa ni Hugues, komisioneri, mtu wa kati wa kuuza viwanja, magari na chochote chenye mwenyewe asiyetaka kuonekana. Alikuwa na adabu nyingi sana.

“Karibu, maman. Umetoka mbali?”

“Cimpunda tu,” alijibu, maana ukiulizwa hivyo unajibu, na kabla ya neno kumaliza kutoka alitamani kulirudisha.

Sebule ilikuwa tupu. Kutani kulibaki alama nyeupe za makabati yaliyoondolewa. Piano ilisimama kando ya ukuta, chini ya shuka, na karibu na dirisha lililoelekea ziwani aliketi mtu wa makamo kwenye kiti cha plastiki, akimenya karanga. Hakutajwa jina. Alimsalimu kwa kichwa, akaendelea kumenya, maganda akiyakusanya kwenye kiganja ili yasichafue sakafu.

Hugues akavuta shuka. Ile alama ya mshumaa ilikuwepo, pembeni kulia. Emmanuella akajikaza. Aliweka mkoba chini, akafungua saa ya mkononi akailaza kifudifudi upande wa kushoto wa vibonye, akaketi, akawasha. Akapiga wimbo wa watoto wa komunyo ya kwanza, akisuasua kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Alipofika kwenye Fa aliigonga mara tatu.

“Na hii? Haisemi kitu?”

“Mashini ya zamani, maman,” Hugues alisema.

“Basi munauza meza, hamuuzi piano!”

Akajiona hodari. Hofu ilimpungua, akaanza hata kufurahia, na mtu anayefurahia uongo wake mwenyewe yuko karibu sana na kuanguka. Hugues alitaja dola mia tatu. Emmanuella, kwa desturi, alitaja matusi: mia na makumi mawili. Alingoja kilio. Alingoja aambiwe habari za ada za watoto, za mke aliyelazwa, za mteja mwingine aliyetoa mia mbili na themanini jana tu.

“Sawa,” Hugues akasema.

Katika mji huo hakuna anayesema sawa kwa neno la kwanza. Mama anayeuza nyanya tatu njiani ataapa kwa kaburi la mama yake kabla ya kukupunguzia faranga mia. Emmanuella alidhani hakusikia vizuri. Akasema kwamba Fa imekufa, kwa hiyo themanini.

“Sawa, maman.”

“Lakini... leo niko na makumi tano tu.”

“Makumi tano. Sawa.”

Rahisi huvunja upishi, wahenga walisema, nao hawakuwahi kuona rahisi ya namna hii. Emmanuella akaelewa kwamba watu hawa hawakuwa wanauza piano. Angeweza kutaja dola moja wakasema sawa. Angeweza kuomba wamwongezee na kiti.

“Nitafikiri kwanza,” akasema. “Nitarudi kesho.”

“Juu ya nini?” Hugues aliuliza kwa upole. “Beyi umeiweka wewe mwenyewe.”

Na huo ndio ulikuwa mtego, umetegwa kwa sheria ya soko ambayo hata mtoto anaijua: ukitaja bei na ukakubaliwa, umenunua. Anayetaja bei, akakubaliwa, kisha akaondoka, ni mchokozi, au ana jambo.

Ndipo mtu wa karanga akazungumza.

“Maman, saa yako. Juu ya nini uliitosha kwa mukono?”

Emmanuella akaitazama saa yake pale ilipolala, uso chini. Hakukumbuka kuivua. Tangu ana miaka saba hakuwahi kugusa kibonye hata kimoja na saa mkononi, kwa kuwa Papa Cyprien alikuwa akiwapiga wanafunzi wake kwa rula na kuwaambia kwamba anayepiga akiangalia saa anamwibia Mungu. Alikumbuka Fa, alikumbuka kupiga vibaya, na mkono wake ulifanya kazi yake ya miaka thelathini bila kumwuliza.

“Walikuya watu tano mbele yako,” mtu yule aliendelea. “Watatu walikaa tu, wakapiga. Wawili waliweka saa hapo, vile vile, uso chini. Tukawauliza. Walikuwa wazuri, wakatuelezea ile sheria na mwenye kuileta.” Akatupa karanga mdomoni. “Tuliwatembelea kwao. Hawakuwa na kitu.”

“Alinifunza, njiyo,” Emmanuella alisema. Sauti yake ilitoka nzima, naye akashangaa. “Papa Cyprien alifunza nusu ya Bukavu. Wanasema iko Bujumbura.”

“Wanasema,” yule mtu alikubali. “Basi hakuna shida. Tutakubebea piano mpaka kwako. Bure.”

Hugues alimwomba simu ili amwekee namba yake, akaiweka, kisha akaitia mfukoni mwake mwenyewe kana kwamba amesahau. Emmanuella aliona. Akahesabu noti zake tano za kumi. Hakupata kulipia kitu kwa uchungu kama ule.

Ndani ya jeep aliketi nyuma, piano imelala ubavuni mwake na ncha yake imetokeza dirishani. Mtu wa karanga alikaa mbele. Njia ya kupanda Kadutu kwenda Cimpunda ilijaa watu, pikipiki, wanawake wenye mizigo ya kamba kipajini, na dereva hakupiga honi hata mara moja. Watu waliiona jeep wakapisha wenyewe. Emmanuella alifikiri kwa kasi. Kuwapeleka nyumba nyingine? Nyumba ya nani? Kila mlango aliouwaza ulikuwa na watu nyuma yake. Kuruka? Wangefika Cimpunda bila yeye, waulize kwa mwalimu wa piano, na mtoto yeyote angewaongoza kwa furaha. Alisali, lakini sala ilikatika kila mara kwenye maneno yale yale, wakamate mimi, wakamate mimi.

Magari hayafiki Cimpunda ya juu. Barabara inaishia kwenye kibanda cha mafuta ya taa, na kutoka hapo ni ngazi za udongo, dakika kumi za kupanda kati ya nyumba zilizobanana. Hugues akaita wabebaji wanne. Emmanuella akasimama chini ya ngazi, akatazama juu, na hapo wazo likamjia, akalipokea kama limetoka mbinguni.

Kwetu kitu kipya hakiingii nyumbani kikavu. Ukinunua hata redio, majirani wanatoka, wanapiga vigelegele, wanaimba, wanadai wanyweshwe. Ni lazima kuarozé, kukimwagilia kwa kinywaji, vinginevyo kitu kitaharibika kabla ya Jumapili. Na Emmanuella, tangu alipomzika mume wake Luc, hakuwa amepiga kigelegele, si harusini, si ubatizoni. Mama yake angesikia sauti ile angejua mara moja kwamba kuna kitu kimevunjika. Na mzee angesikia watu wengi wanapanda njia, angetoka kwa dirisha. Penye wengi pana Mungu. Akaweka mkono mdomoni, akapiga kigelegele, kirefu, hadi kifua kikauma.

“Mukuye!” akapaza sauti. “Mukuye muone! Nimenunua piano! Piano inafika!”

Milango ikafunguka. Maman Charlène, muuza mikate wa jirani, alikuwa wa kwanza, na unga ungali mikononi. Wakatoka wengine, kumi, ishirini, wakawazunguka wabebaji, wakaanza kuimba, na njia ikawa nyembamba hata mtu wa karanga akalazimika kutembea nyuma kabisa. Hakuonyesha hasira. Alipigapiga makofi kidogo, kufuata wimbo. Emmanuella akapiga tena, na tena, akipaza sauti juu ya paa zote ili ifike kwenye ile nyumba ya mbao. Piano inafika! Alikuwa akilia, na wanawake wakamkumbatia kwa kuona furaha imemzidi.

Katikati ya mlima, mtu alitoka kwenye kona akishuka mbio, kitenge kimemfunguka, mikono juu, akipiga vigelegele kupita wote. Ilikuwa Maman Colette.

“Mutoto yangu!” alilia. “Umeanza kufurahi tena! Nilisikia sauti yako, nikamwambia... nikasema, Mungu aksanti!”

Emmanuella alimshika mabega. Mama alikuwa ameisikia ile sauti kama alivyoingoja kwa miaka minne, kila asubuhi, kwa rozari mkononi. Alikuwa ameiacha nyumba wazi.

“Uliambia nani?” Emmanuella alimnong'oneza sikioni. “Maman, uliambia nani?”

Maman Colette akatazama nyuma ya bega la binti yake, akaiona ile jeep huko chini, akamwona mtu asiyemjua anayepiga makofi, na uso wake ukazimika. Akageuka kutaka kupanda, lakini njia ilikuwa imejaa. Wanawake waliwasukuma mbele wote wawili, wakiimba, na hakuna aliyeweza kwenda mbio kuliko piano.

Emmanuella alijipa moyo hatua ishirini za mwisho. Watu wengi, dirisha la nyuma, migomba. Walipatana hivyo. Mzee hakuwahi kuvunja neno.

Alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amevaa shati jeupe la Jumapili na kuchana mvi zake kwa maji, na alikuwa akitabasamu huku macho yakimsumbua kwa jua asilolizoea. Vigelegele alivisikia tangu chini, na jina la kitu chake likitajwa kwa furaha. Mtu anayekimbia hukimbia vilio. Nani alimfundisha kukimbia vigelegele?

Wimbo ukakatika. Kisha Maman Charlène akashika kichwa chake kwa mikono ya unga.

“Papa Cyprien! Eh, Papa Cyprien! Kumbe uko muzima!”

“Iko muzima!” wakapokea wengine. “Papa Cyprien iko muzima!” Walikuwa wamemlilia, walikuwa wamemlipia misa, na sasa walipiga vigelegele vya kweli, wakimwita kwa jina, nyumba hadi nyumba, hadi ng'ambo ya korongo watu wakasimama kusikiliza. Emmanuella alipaza sauti arudi ndani, akimbie, na sauti yake ikamezwa katika kelele alizozianzisha mwenyewe.

Mtu wa karanga akapita katikati ya wanawake akiomba radhi. Akawaambia wabebaji washushe taratibu wasije wakavunja. Akafuta viganja vyake kwenye suruali, akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake yote miwili, akainama kidogo kama mtu aliyelelewa vizuri.

“Muzee,” akasema, “tumekuletea piano yako.”

Papa Cyprien, ambaye sura ile hakuijua, alimshukuru, akamkaribisha ndani.